Wosia wa utani: Wahitimu Marekani wanavyowarithisha wadogo zao usingizi, uchelewaji na ujasiri

Kila ifikapo Mei, shule nyingi za sekondari nchini Marekani zikiwa kwenye maandalizi ya mahafali, kuna ukurasa mmoja wa gazeti la shule ambao wanafunzi huufungua kabla ya habari za michezo na kabla ya picha za usiku wa dansi. Ni ukurasa wa wosia.

Hakuna aliyefariki, wala hakuna nyumba ya kugawana. Wanaoandika ni vijana wa miaka 17 na 18 wanaomaliza darasa la 12. Wanaoachiwa ni wadogo zao wa darasa la 9 hadi la 11, na urithi wenyewe ni tabia: usingizi wa kipindi cha kwanza, kicheko kinachosikika hadi ofisi ya mkuu wa shule, kipaji cha kumaliza kazi ya wiki tatu kwa usiku mmoja.

Mistari huwa ya namna hii: “Mimi, nikiwa na akili timamu na mwili uliochoshwa na hesabu, namwachia mdogo wangu wa tarumbeta uwezo wa kuingia darasani baada ya kengele nikiwa na uso wa mtu aliyetumwa na mwalimu.” Mwingine huachia kabati lisilofungika. Mwingine humwachia kipa mpya “magoli yote niliyofungwa, uyatunze vizuri.” Lugha imekopwa kwa wanasheria, na hapo ndipo kichekesho kilipo: maneno mazito ya mahakamani yanabeba soksi, uvivu na siti ya nyuma ya basi la bendi.

Kwa mzazi aliyekulia Tanga au Mwanza, kisha maisha yakampeleka kulea watoto Houston au Minneapolis, ukurasa huo unaweza kumshtua. Kwetu neno wosia si la kuchezea. Hutamkwa na mgonjwa kitandani, ndugu wakiwa wamekaa kimya, na wapo watu wazima wenye mali zao wanaokataa kuuandika kwa kuamini kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo. Mzazi huyo akiona jina la binti yake juu ya neno hilo, hawezi kulaumiwa akipiga simu shuleni.

Hata hivyo, mzazi huyohuyo anaijua mila inayofanana na hii kuliko anavyodhani. Anaujua utani. Mnyamwezi na Mzaramo wamekuwa watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani anaruhusiwa kufanya mzaha hata msibani, mbele ya jeneza, akaigiza mwendo wa marehemu na kudai fidia kwa wafiwa. Wafiwa hucheka huku wakifuta machozi. Sharti la utani ni moja, na kila mtu analijua: awepo mtani. Asiye mtani wako akisema maneno yaleyale, hayo ni matusi.

Sharti hilo ndilo linaloamua kama wosia wa shule utamjenga kijana au utamvunja.

Mzaha wa wosia wenyewe ni wa kale kuliko Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 5, mwandishi wa Kanisa Jerome alilalamika kwamba watoto wa shule walikuwa wakiangua kicheko kwa kukariri maandishi mafupi ya Kilatini, ambamo nguruwe anayekaribia kuchinjwa na mpishi anatoa wosia wake. (Msomaji asiyemgusa mnyama huyo asikunje uso; hapa yumo kwenye hadithi tu.) Mnyama huyo anagawa mwili wake kwa mpangilio: masikio kwa viziwi, ulimi kwa mawakili na wasemaji ovyo, manyoya magumu kwa washona viatu. Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, mwaka 1456, mshairi wa Ufaransa François Villon akaandika shairi akiwagawia jamaa na maadui zake vitu ambavyo vingine hakuwa navyo, yakiwemo mabango ya baa za Paris.

Marekani iliupokea mzaha huo na kuuweka kwenye sherehe za kuhitimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitabu vya mwaka vya shule nyingi vilikuwa na sehemu tatu zilizokwenda pamoja: historia ya darasa, utabiri wa nani atakuwa nani, na wosia. Utabiri umefifia mahali pengi. Wosia umedumu, labda kwa sababu utabiri unamzungumzia anayeondoka, ilhali wosia unamtaja anayebaki.

Kutajwa si jambo dogo kwa mtoto wa miaka 15. Mwaka 1997, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa vijana zaidi ya 12,000 wa Marekani, wa darasa la 7 hadi la 12, waliohojiwa majumbani kwao. Watafiti walitaka kujua ni nini kinachoambatana na kijana kuepuka msongo mkubwa wa mawazo, fikra za kujiua, ukatili na ulevi. Mambo mawili yalijitokeza kwa nguvu: kijana kuhisi yuko karibu na wazazi na familia yake, na kuhisi kwamba shule ni mahali pake. Tangu wakati huo, hali hiyo ya kuhisi umo, unajulikana na kuna anayejali uwepo wako shuleni, imekuwa sehemu ya miongozo ya afya ya vijana nchini humo.

Mstari mmoja wa wosia hauwezi kubeba uzito wote huo. Lakini mtoto wa darasa la 9 aliyekaa mwaka mzima kwenye safu ya mwisho ya bendi akiamini hakuna anayemjua, kisha akasoma kwamba kaka wa darasa la 12 anamwachia “ukimya wangu wa mazoezini, kwa sababu wewe pekee unajua kuutumia,” amepata uthibitisho wa maandishi kwamba alikuwa akionekana.

Ukurasa huo pia una faida ambayo haikukusudiwa. Ukiusoma kwa jicho la afya, unafanana na daftari la mganga wa shule. Usingizi umejaa kila mahali: wanaoachia usingizi wa darasani, wanaoachia kahawa ya asubuhi, wanaoachia mto wa kulalia maktaba. Hilo si uvivu mtupu. Mtoto akishabalehe, saa ya mwili wake husogea mbele. Usingizi humjia usiku wa manane na asubuhi mwili unakataa kuamka. Ndiyo maana mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipendekeza shule za ngazi hiyo zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi, na jimbo la California likatunga sheria ya saa hiyo kwa shule nyingi za sekondari, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Vijana walikuwa wameshayasema hayo kwenye wosia zao, kwa mzaha. (Na mtoto wa Dar es Salaam anayesimama kituoni saa 11 alfajiri akisubiri daladala ana saa ya mwili ileile.)

Tatizo huanza pale urithi unapokuwa jeraha la mtu.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Canada, Rod Martin, na wenzake walichapisha kipimo kinachogawa ucheshi katika mitindo minne. Upo wa kuwaleta watu pamoja, upo wa kujipa moyo mwenyewe, upo wa kushambulia wengine, na upo wa kujidhalilisha ili wengine wacheke. Miwili ya kwanza huambatana na afya nzuri ya akili, miwili ya mwisho na kinyume chake. Ukurasa mmoja wa wosia huwa na yote minne, na kwa mtu wa nje inafanana mno.

Chukua mhitimu anayeandika, “Namwachia fulani hamu yangu ya kula, ingawa yake inatosha.” Aliyeandika anacheka, na rafiki zake wanacheka. Aliyetajwa anacheka pia, kwa sababu hana la kufanya, halafu siku inayofuata hagusi chakula cha mchana. Mwaka 2016, chama hichohicho cha madaktari wa watoto kilitoa mwongozo unaozitaka familia kuacha kabisa mizaha kuhusu uzito wa vijana, kwa sababu inahusishwa na matatizo ya ulaji pamoja na ongezeko la uzito lenyewe. Nyumba zetu zinapaswa kuusikia mwongozo huo, maana “bonge” na “kimbaumbau” bado ni majina ya kuitana mezani, na shangazi ndiye kinara.

Kazi ya kuchuja humwangukia mwalimu mlezi wa gazeti, na ni kazi ngumu. Matusi ya wazi huonekana mara moja. Yanayompita ni yale ya mafumbo: jina la mtaa, tarakimu, neno moja linalofahamika na watu wanne tu, mmoja wao akiwa ndiye anayeumizwa. Walimu wengine huweka kikomo cha maneno kwa kila mhitimu, na wengine humtaka aeleze kila fumbo kabla halijachapwa. Wakuu wa shule nao wana kisu chao. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1988, uliotokana na gazeti la shule moja ya Hazelwood, Missouri, shule ya umma inaweza kuzuia maandishi ya gazeti inalolidhamini ikiwa ina sababu ya kielimu, ingawa baadhi ya majimbo yametunga sheria zinazowapa wanafunzi uhuru zaidi. Shule kadhaa zimechoka na kuufuta ukurasa huo moja kwa moja.

Kufuta ni suluhisho jepesi, na lina gharama yake. Mafumbo ya kuumiza huhamia kwenye simu, ambako hakuna mwalimu, na yule mtoto wa safu ya mwisho ya bendi anabaki bila mstari wake. Njia yenye manufaa zaidi ni ile ya utani: anayetajwa aonyeshwe mstari kabla haujachapwa, na akikataa uondoke bila maswali. Kama waandishi hawathubutu kumwonyesha, basi hawakuwa watani.

Kuna wosia wa aina nyingine ambao mzazi hapaswi kuuchanganya na huu.

Wosia wa shule unaandikwa na darasa zima, kwa msimu wake, na anayeuandika ana safari mbele yake: chuo, kazi, mji mwingine. Anaachia tabia, si vitu anavyovipenda. Kijana anayegawa vitu vyake vya thamani kimyakimya, gitaa, viatu alivyovilipia kwa jasho, simu, huku akiaga watu bila sababu, akijitenga, akisema amekuwa mzigo, yuko mahali tofauti kabisa. Kugawa vitu vya thamani na kuaga vimo katika orodha ya dalili za hatari ya kujiua ambazo wataalamu wa afya ya akili hutaka zichukuliwe kwa uzito. Hata ndani ya wosia wa utani, mhitimu ambaye kila mstari wake unajidhalilisha yeye mwenyewe, anayeachia “maisha ambayo hakuna aliyeyahitaji,” anastahili kuitwa pembeni na kuulizwa.

Aulizwe waziwazi. Wazazi wengi huogopa kwamba kutaja kujiua ni kumpa mtoto wazo, lakini wataalamu wanasema swali la moja kwa moja, kwa sauti ya upole, halipandikizi wazo hilo na mara nyingi humpa kijana nafasi ya kusema. Familia zilizoko Marekani zinaweza kupiga 988, namba inayofanya kazi saa 24. Aliyeko Tanzania aanzie hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, na asimwache kijana peke yake wakati akisubiri msaada.

Kwetu mahafali ya kidato cha nne yana risala, ambayo wahitimu humsomea mgeni rasmi wakieleza uhaba wa maabara, uchakavu wa mabweni na ukosefu wa uzio. Risala haimtaji mdogo yeyote aliyebaki. Urithi halisi hugawiwa bwenini usiku, bila karatasi: ndoo isiyovuja, godoro lenye unafuu, tranka, kitanda cha karibu na dirisha, na jina la utani ambalo aliyeachiwa atatembea nalo hadi amalize shule. Anayepata ni mdogo aliyekuwa akitumwa maji na kurudi haraka, au aliyekuwa akichekesha watu umeme ukikatika. Wengine hawapati kitu, na mlezi wa bweni hawajui, kwa kuwa hakuna ukurasa wa kusoma majina yaliyokosekana.

Wahariri wa magazeti ya shule huko Marekani walio makini hulifanya hilo mwishoni kabisa, kabla ukurasa haujaenda kuchapwa. Huchukua orodha ya timu, bendi au kikundi cha maigizo, wakapitisha kalamu kwa kila jina la mdogo lililokwisha kutajwa. Yakibaki majina matatu, wahitimu hurudishwa mezani kuwakumbuka watu watatu, na hapo ndipo wanapogundua kwamba kuna mtu waliyecheza naye mwaka mzima na hawajui anapenda nini.