Leseni ya biashara ya farasi Dubai hupatikanaje?

Dubai hujulikana kwa maghorofa marefu na maduka ya dhahabu, lakini ni mji wa farasi pia. Kila mwaka wapenzi wa mbio huelekeza macho yao katika uwanja wa Meydan, uliofunguliwa mwaka 2010, ambako hugombewa Kombe la Dunia la Dubai, mashindano yaliyoanza mwaka 1996.

Nyuma ya fahari hiyo kuna watu ambao majina yao hayatangazwi uwanjani. Hao ndio wanaoamka kabla ya alfajiri kulisha farasi, kusafisha mazizi na kuwatembeza wanyama kabla jua halijakuwa kali. Kenya mtu wa kazi hiyo huitwa saisi, neno lenye asili ya Kiarabu. Miongoni mwa masaisi wa nchi za Ghuba wamo pia watu wa Afrika Mashariki.

Baada ya miaka kadhaa ya kuwatumikia wengine, baadhi yao hujiuliza swali moja: je, mgeni anaweza kufungua biashara yake mwenyewe ya kufundisha watu kupanda farasi?

Jibu ni ndiyo. Hata hivyo, njia yake hupitia ofisi nyingi, na anayeikosea anaweza kupoteza akiba yake yote.

Sheria ya umiliki

Kwa miaka mingi, mgeni aliyetaka kufungua kampuni nje ya maeneo huru ya kibiashara alilazimika kuwa na mshirika raia wa Umoja wa Falme za Kiarabu mwenye hisa zisizopungua asilimia 51. Wageni wengi walitoa mtaji wote, huku karatasi zikionyesha kuwa sehemu kubwa ya kampuni ni ya mtu mwingine. Ulipozuka ugomvi, karatasi ndizo zilizosikilizwa.

Hali hiyo ilibadilika tarehe 1 Juni 2021, yalipoanza kutumika marekebisho ya sheria ya makampuni. Tangu hapo mgeni anaweza kumiliki asilimia 100 ya kampuni katika shughuli nyingi za biashara, isipokuwa zile zinazohesabiwa kuwa nyeti kwa taifa.

Mwombaji pia huchagua sura ya biashara yake. Akisajili biashara ya mtu mmoja, mali yake binafsi inaweza kuchukuliwa kulipia madeni ya biashara. Akisajili kampuni ya dhima yenye kikomo, kwa kawaida hasara huishia kwenye mtaji wa kampuni. Katika kazi ambayo mteja anaweza kuanguka na kuvunjika mgongo, tofauti hiyo ni kubwa.

Hatua kwa hatua

Leseni hutolewa na Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai, iliyoundwa mwaka 2021 kwa kuunganisha idara ya maendeleo ya uchumi na ile ya utalii.

Hatua ya kwanza ni kutaja shughuli yenyewe. Kufundisha watu kupanda farasi ni shughuli moja, kuwatunza farasi wa watu wengine kwa malipo ni nyingine, na kuwatembeza watalii jangwani ni nyingine tena. Mwenye leseni haruhusiwi kufanya kazi ambayo haikuandikwa katika leseni yake.

Hatua ya pili ni kusajili jina la biashara. Jina lisiwe na neno la kuudhi dini au maadili, na mwenye kutumia jina lake mwenyewe huliandika kamili, si kwa herufi za mwanzo.

Baada ya hapo hutolewa idhini ya awali, na hapa ndipo wengi hukosea. Idhini hiyo humaanisha tu kwamba serikali haina pingamizi mtu huyo aendelee na maandalizi. Haimruhusu kupokea hata mteja mmoja.

Hufuata mkataba wa kampuni, mkataba wa pango uliosajiliwa katika mfumo wa serikali uitwao Ejari, na ridhaa za taasisi nyingine. Kwa kuwa kupanda farasi ni mchezo, ridhaa ya Baraza la Michezo la Dubai, lililoundwa mwaka 2005, huhitajika kwa anayetaka kufundisha. Walimu nao hutakiwa kuwa na ushahidi wa ujuzi wao. Vyeti vya vyama vya kimataifa, kama vile Chama cha Farasi cha Uingereza, husaidia sana. Saisi aliyejifunza kazi kwa miaka 20 bila cheti hugundua hapo kwamba ujuzi wa mikono peke yake hautoshi.

Leseni ikishalipiwa na kutolewa, huhuishwa kila mwaka.

Mahali pa zizi

Kwa biashara hii, ardhi huwa mtihani mgumu kuliko leseni. Duka la simu linaweza kuanza katika chumba kimoja, lakini farasi wanahitaji mazizi yenye hewa, uwanja wa mchanga, maji, mahali pa kuweka nyasi kavu na namna ya kuondoa samadi.

Chini ya sheria ya mwaka 2006, wageni huruhusiwa kumiliki ardhi Dubai katika maeneo maalumu tu yaliyoidhinishwa na mtawala. Kwa hiyo mwenye shule ya farasi mara nyingi huwa mpangaji. Kabla ya kutia saini, inampasa kuhakikisha kwamba matumizi ya ardhi hiyo yanaruhusu biashara na kwamba anayempangisha ana haki ya kufanya hivyo. Shamba la kufugia farasi wa familia si lazima liwe mahali panaporuhusiwa kupokea wateja.

Baadhi ya wageni hushawishiwa na bei nafuu za leseni za maeneo huru. Lakini leseni ya eneo huru peke yake haimpi mtu ruhusa ya kuendesha zizi nje ya eneo hilo bila idhini ya Idara.

Jangwa nalo si mali ya kila mpita njia. Hifadhi ya Jangwa ya Dubai, iliyoanzishwa mwaka 2003, hupokea waendeshaji wa safari walioidhinishwa tu.

Afya na haki za farasi

Farasi anayeingizwa nchini huhitaji kibali cha Wizara ya Mabadiliko ya Tabianchi na Mazingira, hati za afya na uchunguzi wa daktari wa mifugo. Kwa Mwafrika Mashariki ipo shida ya ziada. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi, upo katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara na huua farasi wengi wanaoambukizwa. Ndiyo maana farasi wa kutoka maeneo hayo huwekewa masharti makali, na anayeanza biashara huona ni rahisi zaidi kununua farasi aliyeko tayari katika Ghuba.

Sheria ya kulinda wanyama ya mwaka 2007, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaadhibu ukatili na uzembe. Jambo hili si la kupuuzwa: mwaka 2015 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilisimamisha kwa miezi kadhaa uanachama wa shirikisho la Falme za Kiarabu, kutokana na malalamiko juu ya hali ya farasi katika mbio za masafa marefu.

Saisi ni mfanyakazi wa nani?

Suala la wafanyakazi ndilo linalowagusa zaidi watu wa Afrika Mashariki. Katika sheria za Falme za Kiarabu, mtunza farasi wa nyumbani anahesabiwa miongoni mwa wafanyakazi wa majumbani, pamoja na wapishi, yaya na madereva wa familia. Saisi wa kampuni, kwa upande mwingine, yuko chini ya sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022.

Hatari huja pale mtu anapoletwa kwa viza ya familia kisha akapelekwa kufanya kazi katika shule ya farasi inayotoza wateja. Hapo anafanya kazi kwa mwajiri asiyetajwa katika kibali chake. Akiumia au akinyimwa mshahara, madai yake huwa na utata tangu mwanzo.

Kwa mwajiri, kosa hilo ni ghali. Tangu mwaka 2024, faini ya kumwajiri mtu bila kibali ni kati ya dirham 100,000 na 1,000,000. Anayeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi hata siku moja, na gharama za kumleta mfanyakazi ni za mwajiri. Sheria inakataza kumtoza mfanyakazi.

Aidha, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi ya juani hupigwa marufuku kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri.

Hesabu kabla ya hatamu

Joto hilo hilo hupunguza mapato. Wakati wa kiangazi wateja huwa wachache, lakini farasi hula kila siku na kodi ya pango haisubiri.

Pango mara nyingi hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele. Tangu Januari 2022, hundi isiyo na fedha kwa kawaida haimpeleki mtu jela moja kwa moja kama zamani. Lakini mdai anaweza kwenda nayo kwa hakimu wa utekelezaji, na mdaiwa anaweza kuzuiwa kusafiri.

Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5, ilianza mwaka 2018, na usajili ni lazima pale mauzo yanapozidi dirham 375,000 kwa mwaka. Kodi ya faida ya makampuni ilianza mwaka 2023, nayo ni asilimia 9 ya faida inayozidi dirham 375,000. Tarakimu ni ile ile, lakini moja huhesabiwa kwa mauzo na nyingine kwa faida, na kuzichanganya huleta faini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa saisi anayetaka kuwa mwenye zizi, daftari hilo lianze kabla ya kununua farasi wa kwanza: ardhi iliyothibitishwa, cheti mkononi, bima ya wateja, na akiba ya kuvuka angalau kiangazi kimoja bila mgeni hata mmoja mlangoni.