BUNDUKI MPYA, TRIGA MBOVU: KASHESHE LA SENTI 5 NA NUSU

Kwenye filamu mambo ni rahisi mno, msomaji wangu. Steringi anakimbia, anaanguka, anabingirika mpaka mtaroni, na bunduki yake hailii mpaka atake mwenyewe. Anayekufa ni adui tu. Wala hujawahi kumwona steringi anasimama kukagua triga.

Kwenye maisha ya kweli zipo bunduki zinazolia zenyewe. Na usidhani nasema gobole la babu lililofungwa waya na mpira wa baiskeli. Nasema bunduki mpya ya dukani, iliyonunuliwa kwa dola, bado inanukia mafuta ya kiwandani.

Wiki hii twende Marekani, maana huko ndiko kasheshe hili lilikoanzia na ndiko lilikomwaga damu.

TRIGA YA KUREKEBISHA NI KITU GANI?

Bunduki nyingi za kuwindia za siku hizi zina triga ambayo mwenyewe unaweza kuirekebisha. Ndani yake kuna skrubu ndogo ndogo. Kuna inayopunguza au kuongeza uzito wa kuvuta, yaani iwe ngumu au laini kidoleni. Kuna inayopanga kiasi ambacho vyuma viwili vya ndani vinashikana. Na kuna inayoamua triga irudi nyuma umbali gani baada ya risasi kutoka.

Watu wanapenda triga laini, na sababu ipo. Ukivuta triga ngumu, mkono unatikisika na mtutu unahama. Swala aliyekuwa kifuani mwa shabaha anaondoka zake na mkia juu. Triga laini haina makeke, unaigusa tu na risasi inakwenda ulikolenga. Kwa hiyo mafundi walishindana kutengeneza triga laini zaidi, na wateja wakashindana kuzinunua.

Tatizo ni kwamba kazi ya triga haiishii kufyatua. Wakati wote ambao hujaamua kufyatua, inatakiwa pia izuie. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

BUNDUKI ILIYOPENDWA KULIKO ZOTE

Kampuni ya Remington ilianza mwaka 1816 katika jimbo la New York. Mwaka 1962 ikatoa bunduki iitwayo Model 700, na hiyo ikawa kipenzi cha wawindaji wa Marekani. Zimeuzwa zaidi ya milioni 5. Hata jeshi la nchi hiyo lilichukua umbo lake likatengenezea bunduki za wadunguzi wake. Kwa ulengaji ilikuwa haina mpinzani.

Triga yake ilibuniwa na injinia wa kampuni hiyohiyo, Mike Walker, miaka ya 1940, na ilianza kutumika kwenye bunduki zilizotangulia hiyo. Hebu nikueleze ilivyokuwa inafanya kazi.

Bunduki ikishakokiwa, pini inayopiga fataki ya risasi inazuiwa na chuma kama komeo la mlango. Komeo hilo lazima liwe na kitu cha kuliegemeza lisishuke. Kwenye triga nyingi, kinacholiegemeza ni triga yenyewe. Walker yeye aliweka kijichuma kingine katikati, kati ya triga na komeo. Kijichuma hicho hakikufungwa kwa skrubu wala kugongewa ribiti. Kilishikiliwa na nguvu ya springi tu.

Kila ukifyatua, kijichuma kinaachana na triga kidogo, halafu springi inakirudisha. Kikirudi sawasawa, mambo safi. Lakini ikaingia taka kwenye ule mwanya, au kutu, au mafuta yaliyoganda, hakirudi mahali pake. Komeo linabaki halina cha kuegemea. Kinachozuia risasi isitoke sasa ni ile swichi ya usalama peke yake, ambayo wenye bunduki wanaiita sefti.

Ukitoa sefti tu, PAA! Kidole hakijagusa triga.

SENTI 5 NA NUSU

Usifikiri kampuni haikujua. Mwaka 1946, kabla bunduki yenye triga hiyo haijaingia sokoni, Walker mwenyewe aliwaandikia wakubwa zake kuwaonya kwamba kuna uwezekano wa hatari. Mwaka 1948 akapendekeza dawa. Ilikuwa kizuizi kidogo cha kuifunga triga pindi sefti inapowekwa, ili kile kijichuma kisiweze kuhama.

Gharama yake? Senti 5 na nusu ya dola kwa kila bunduki. Siyo dola 5 na nusu. Senti!

Haikufanyika. Habari hiyo ilianikwa hadharani mwaka 2010 na televisheni ya CNBC ya Marekani, na Walker mwenyewe, akiwa mzee wa miaka 98, alihojiwa. Alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 101.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1978 kampuni ililazimika kurudisha kiwandani bunduki za aina nyingine, Model 600, baada ya mtu mmoja kupooza na kulipwa mamilioni ya dola. Januari 1979 wakubwa wakakaa kikao kuijadili Model 700. Kumbukumbu za kikao hicho zilikuja kuonekana mahakamani. Hesabu yao ilikuwa hivi: ili kuzipata bunduki 20,000 zinazoweza kuleta tatizo, itabidi kurudisha bunduki milioni 2. Wakaamua wasizirudishe.

Msomaji, hebu itazame hesabu hiyo polepole. Asilimia 1 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini bunduki 20,000 ni nyumba 20,000, na kila nyumba ina baba, mama na watoto.

Mwaka 1994 baraza la mahakama huko Texas liliamuru mwindaji mmoja aliyepoteza mguu alipwe dola milioni 17. Kesi nyingine nyingi zilimalizwa kimyakimya, watu wakalipwa na nyaraka zikafungiwa.

MTOTO WA MIAKA 9

Oktoba 2000, jimbo la Montana. Familia moja imetoka kuwinda, imechoka, inajiandaa kurudi nyumbani. Mama anataka kutoa risasi kwenye bunduki, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kwa bunduki nyingi za zamani za aina hiyo, huwezi kuifungua kutoa risasi bila kwanza kutoa sefti. Kwa hiyo akatoa sefti.

Bunduki ikalia. Risasi ikapita kwenye tela la farasi na kumpata mwanawe wa miaka 9 aliyekuwa upande wa pili. Mtoto akafa.

Mama alisema kidole chake hakikuwa kwenye triga. Baba wa mtoto akatumia miaka mingi kukusanya nyaraka za kampuni na kuwaonya wenye bunduki kama hiyo.

Tuwe wakweli kwa pande zote. Remington siku zote ilikana kwamba bunduki hiyo ni mbovu. Ilisema ajali zinatokana na uchafu, na watu kuchokonoa triga, na uzembe wa kushika silaha. Hata hivyo mwaka 2014 ilikubali mapatano mahakamani, na jaji akayapitisha mwaka 2017. Mapatano hayo yaligusa bunduki kama milioni 7 na nusu, na wengi wa wenye nazo walipewa haki ya kubadilishiwa triga bure. Bado kampuni haikukiri kosa.

NA ILE MPYA NAYO?

Sasa sikiliza vituko. Mwaka 2006 kampuni ilileta triga mpya ya kurekebisha, X-Mark Pro, isiyokuwa na kile kijichuma cha balaa. Watu wakapumua. Walionunua bunduki mpya walijua wamenunua amani.

Aprili 2014 kampuni hiyohiyo ikatangaza: jamani, acheni kuzitumia mara moja! Bunduki zenye triga hiyo zilizotengenezwa kuanzia Mei 1, 2006 hadi Aprili 9, 2014 zirudishwe, kwani zingine zinaweza kulia bila kukusudia. Sababu yake ilikuwa gundi! Wakati wa kuunganisha triga kiwandani, gundi ilizidi.

Kwa hiyo mtu alikuwa na bunduki mpya, hajaichafua, hajaichokonoa, na hatari alikabidhiwa nayo dukani.

Kingine kitakachokuchosha ni hiki. Marekani wana tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, yenye uwezo wa kuamuru bastola ya maji ya mtoto iondolewe madukani ikiwa mbovu. Lakini sheria iliyounda tume hiyo mwaka 1972 haikuipa mamlaka juu ya bunduki ya kweli. Bunduki ikiwa mbovu, kuirudisha ni hiari ya aliyeitengeneza.

UKIWA NAYO, FANYA HIVI

Labda wewe si mwindaji. Lakini huenda una mjomba mwenye leseni, au kaka mlinzi. Mkatie ukurasa huu.

Bunduki mpya ikilia bila kuguswa triga hata mara moja, imeshatosha. Usisubiri mara ya pili ili uhakikishe. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi haitamdhuru mtu, toa risasi zote, kisha angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Ikishakuwa tupu, iweke pembeni isitumike tena.

Pili, usishike bisibisi. Najua vijana tunapenda ufundi wa kubahatisha, redio tunafungua, simu tunafungua. Triga siyo redio. Ukiilegeza skrubu kupita kiasi, vile vyuma vinashikana kwa unywele tu, na siku utakayofunga bolti kwa nguvu au bunduki ikigonga chini, itajifyatua. Halafu ukishafungua wewe, kampuni itasema umeharibu wewe. Ushahidi kwisha.

Tatu, andika. Tarehe, namba ya bunduki, nani alikuwepo, ulikuwa unafanya nini: unatoa sefti, unafunga bolti au umeigonga mahali? Tunza risiti. Halafu ipeleke kwa muuzaji au fundi wa bunduki mwenye kibali, na umwambie wazi kwamba ilijifyatua.

Fundi anayejua kazi ataipima ikiwa tupu. Ataikoki, ataweka sefti, atavuta triga na kuiachia, kisha atatoa sefti. Akisikia "tik", yaani pini imeruka, hiyo haifai. Atafunga bolti kwa nguvu mara kadhaa, na ataigonga kwa nyundo ya mpira. Bunduki nzima lazima ikae kimya mpaka avute triga kwa makusudi.

MTUTU UNAANGALIA WAPI?

Utasema hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Pita mjini uwaangalie walinzi wa mabenki na maduka makubwa. Bunduki iko begani au mapajani, na mdomo wake unaangalia foleni ya wateja. Ukimuuliza atakujibu, "Usihofu, nimeweka sefti."

Sefti nayo ni chuma, ndugu yangu. Ina springi, inashika kutu, inaingia vumbi, na nyuma yake kuna triga iliyotengenezwa na binadamu mwenye haraka ya kuuza. Wenye bunduki wanaojiheshimu wana sheria moja kubwa kuliko zote: usiuelekeze mtutu kwa kitu ambacho hutaki kukiua, iwe kuna sefti au hakuna, iwe ina risasi au huna hakika. Sheria hiyo haigharimu hata ile senti 5 na nusu.

Na ile kampuni? Ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena mwaka 2020 na kuuzwa vipande vipande. Kiwanda chake cha zamani kule Ilion, New York, kilifungwa mwaka 2024. Ilikuwa imebebeshwa madeni na kesi za kila aina, kwa hiyo siwezi kukwambia ni triga iliyoiangusha.

Ila ukikutana na mtu kapakata bunduki, salamu baadaye. Kwanza muombe ageuze mtutu.

Hadi wiki ijayo, tukijaliwa.