Herufi Tatu Zilizofutwa Kwenye Kioo

Juma hili nawaletea habari ya herufi tatu tu. Anayekwenda kununua spea ya gari huulizwa na muuzaji: unataka orijino au ya kawaida? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mnunuzi hujua anacholipia. Balaa huanza pale ya kawaida inapofutwa alama yake na kuuzwa kwa bei ya orijino. Wanaokusanya vioo vya mapambo wanalijua sana balaa hilo, na kisa chao kinafaa kusikilizwa na kila mnunuzi.

Émile Gallé alizaliwa mwaka 1846 mjini Nancy, mashariki ya Ufaransa. Alikuwa bingwa wa vioo na mjuzi wa mimea pia, ndiyo maana vyombo vyake vya maua vimejaa okidi, majani na kerengende. Mojawapo ya kazi zilizompa sifa hufanywa hivi: kioo cha rangi moja hufunikwa kwa tabaka la rangi nyingine, pengine matabaka mawili au zaidi. Fundi huchora ua juu yake na kulipaka kitu kisicholiwa na asidi, kisha chombo hutumbukizwa katika asidi kali ya haidrofloriki. Pasipopakwa huliwa, rangi ya chini hutokeza, na ua hubaki limeinuka juu ya kioo.

Gallé alifariki mwaka 1904. Mjane wake, Henriette, aliendelea na kiwanda, na kwa miaka kadhaa jina la Gallé likatiwa nyota ndogo kando yake. Nyota hiyo ilimwambia mnunuzi ukweli: bwana mwenyewe hayupo tena. Kiwanda kiliendelea hadi miaka ya 1930. Kwa hiyo hata chombo halali chenye jina lake si lazima kiwe kimepita mikononi mwake, na bei inapaswa kufuata tofauti hiyo.

Miongo mingi baadaye, mafundi wa Rumania nao walitengeneza vyombo vya namna ile ile. Wala hawakuficha. Kando ya jina la Gallé waliandika TIP, neno la Kirumania lenye maana ya "aina" au "mfano". Yaani, hiki ni cha mtindo wa Gallé, si cha Gallé. Ni pambo zuri kwa bei yake. Lakini wakatokea wachuuzi waliozisugua herufi hizo tatu zikatoweka. Jina likabaki peke yake, na chombo cha juzi kikageuka cha kale. Mwongo basi si kiwanda. Mwongo ni yule aliyeshika jiwe la kusugulia.

Afanyeje mkusanyaji? Kwanza, asiridhike na kulisoma jina. Atazame kando yake kwa lenzi na kupapasa kwa kidole. Akikuta mahali palipobonyea au kung'aa kuliko pengine, aulize pamesuguliwa kwa nini. Pili, akipindue chombo atazame kitako. Kilichokaa mezani miaka mia huwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande. Mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja aghalabu ni kazi ya msasa. Tatu, adai stakabadhi inayotaja wazi aliyekitengeneza na wakati kilipotengenezwa. Muuzaji mwaminifu haogopi kalamu.

Fauka ya hayo, jicho hufunzwa kwa kuona vilivyo vya kweli. Vipo katika makumbusho ya École de Nancy kule kwao Gallé, na katika makumbusho ya Orsay mjini Paris. Huko Marekani, katika jimbo la New York, iko Corning Museum of Glass, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye maktaba kubwa inayohusu vioo. Asiye na nauli aweza kuzitazama picha za vyombo vyake vingi kwa intaneti, bila malipo.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nami naongeza: hata mti una bei yake, mradi uitwe mti.