Kifuniko cha gari kikivuja, mkulima ndiye anayelipa



Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa pembeni ya Beni alinifuata ku depo ya Butembo siku ya malipo. Gunia zake tatu za kakao ziliandikwa daraja la chini juu ya zilifika zimelowa. Aliniambia: «Agronomu, kakao yangu nilianika siku nane. Mliipima mbele yangu, mukasema imekauka. Maji iliingia mu gari yenu, haikutoka kwangu. Sasa mbona ni mie munakata bei?»

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na linaanzia kwa kifuniko cha gari.

Koperative nyingi zina pikapu ya kubeba mavuno. Yetu ina kifuniko kigumu nyuma, cha vipande viwili vinavyofungwa kwa buloni juu ya mpira wa kuziba. Tunapobeba miche ya kawa tunavitoa, na wakati wa mavuno tunavirudisha. Inasaidia sana, lakini kila mara vikirudishwa, kuna nafasi ya kukosea.

Tulikosea wapi

Kwanza tulifanya kama watu wote: tulinunua silikoni, tukapaka kila mahali. Mvua iliyofuata, maji yakaingia tena. Tulikuwa tunaziba pale maji yalipoangukia, si pale yalipoingilia. Maji yakiingia mbele, yanaweza kufuata chuma mpaka nyuma ndipo yadondoke. Na gari ikipanda mlima au ikishuka, yanabadilisha njia.

Tafuta mlango wa maji

Toa mzigo wote, kausha ndani. Mtu mmoja aingie na tochi. Mwingine abaki nje na arozwari, ile tunayomwagilia pepinyeri. Aanzie chini, amwage polepole sehemu moja kwa dakika tano, halafu apande juu kidogo. Ukianzia juu, maji yatalowesha kote na hutajua yaliingia wapi. Mwenye tochi akiona tone, atie alama ya chaki.

Kisha pima mpira. Weka kipande cha karatasi juu yake, fungia kifuniko, halafu vuta karatasi. Ikikataa kutoka, mpira unabana. Ikitoka bila nguvu, hapo ndipo mlango. Fanya hivyo kuzunguka kifuniko chote.

Sisi tulikuta mambo matatu: buloni mbili zimelegea, mchanga umeshikana na mpira kwenye kona, na pale vipande viwili vinapokutana mpira umelala, hauinuki tena.

Namna ya kutengeneza

Osha mpira kwa maji na sabuni, ukaushe. Usitumie esanse wala mazutu: vinaharibu mpira, na harufu yake inabaki mu gari. Mbegu ya kakao, karibu nusu yake ni mafuta. Inashika harufu upesi, na harufu ile haitoki tena.

Mpira uliolala au kupasuka ubadilishwe. Kama hakuna mpya sokoni, kata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la gari, ukibandike kwa gundi ya wale wanaoziba pikipiki. Itasaidia kwa muda, lakini usisahau kutafuta mpira wa kweli.

Rudisha vipande mahali pake sawasawa kabla ya kukaza. Usikaze buloni moja mpaka mwisho halafu ufuate nyingine, juu kifuniko kitainuka upande wa pili. Kaza zote kidogo kidogo, ukienda kwa msalaba: moja ya mbele kulia, halafu moja ya nyuma kushoto.

Silikoni ina kazi yake, lakini ni kwa maungio yasiyofunguliwa na kwa nyufa. Usiipake kwenye mpira unaofunguliwa kila msimu: siku ya kufungua utaupasua. Mahali pawe safi na pakavu, na uiache ikauke siku nzima. Ile yenye harufu ya siki usiiweke juu ya chuma kisicho na rangi, inaleta kutu.

Angalia pia vitundu vya kutolea maji chini ya gari. Vikizibwa na matope, maji yanabaki chini ya gunia.

Si kila tone ni la mvua

Baada ya kutengeneza, siku moja bila mvua tulikuta matone tena. Dereva akasema: «Kazi yetu imekuwa bure!» Hapana. Beni iko chini na kuna joto; Butembo inapita meta 1700 na usiku kuna baridi. Mvuke uliopandishwa na gari kutoka Beni unakutana na chuma baridi, unageuka maji. Matone ya namna hiyo yanaenea chini ya kifuniko chote. Ya kuvuja yanafuata mstari au yanatokea mahali pamoja.

Dawa yake: usipakie mazao yasiyokauka, maana mvuke mwingi unatoka kwenye mazao yenyewe. Kakao isipite unyevu wa 8 kwa mia, na kawa yenye ganda lake isipite 12 kwa mia. Weka mbao chini ya gunia na makarto juu yake. Ukifika, fungua na upakue siku ile ile. Gari ikilazimika kungoja barabarani, ifunguliwe kidogo kila jua likitoka.

Gunia likishalowa

Litenge mara moja. Limwage juu ya kitanda cha kuanikia, ulipime tena, na usilichanganye na mengine kabla halijakauka. Likiwa na harufu ya ukungu, lisirudi kwenye loti. Ukungu mwingine hutoa sumu inayoitwa okratoksini, na hata kukaanga hakuiondoi yote. Wanunuzi wa Ulaya wanaipima. Kwa sababu ya gunia moja, loti nzima ya wanamemba wote inaweza kukataliwa.

Jibu la mama

Tulifungua daftari la mapokezi: kakao ya yule mama iliandikwa 7 kwa mia siku ya kupakia. Alikuwa na haki. Kamati ilimrudishia pesa yake kutoka kwa sanduku la usafiri, na ikaamua mambo mawili. Kila gunia lipimwe na kuandikwa mbele ya mwenyewe kabla ya kupanda gari, na tena likifika. Kikiharibika kitu kati ya vipimo hivyo viwili, ni deni la koperative, si la mkulima.

Na kabla ya kila msimu wa mvua, dereva na mwanamemba mmoja wafanye jaribio la arozwari, watie sahihi ku daftari. Ni kazi ya asubuhi moja. Ulizeni kwenu: mara ya mwisho ilifanyika lini?