Tuokote, lakini tuache mbegu: somo la wamama wa Fumba

Wiki hii tunazungumza juu ya chakula ambacho wengi wetu hatujakipika hata siku moja: kombe na chaza. Ni wanyama wadogo wa majini wenye magamba mawili yanayofungika kama kitabu. Hata kwetu wako. Kuna chaza wa maji yasiyo na chumvi wanaoshikamana na mawe katika mto Kongo na katika ziwa Tanganyika. Lakini leo tunawapeleka Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Huko wamama wanasema Kiswahili kama sisi, na kazi yao ya kuokota kombe ina somo kwa kila kikundi chetu.

Siku ya bamvua

Bahari si kama ziwa. Mara mbili kwa siku inajaa, mara mbili inapwa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji yanarudi mbali kuliko siku zingine. Watu wa pwani wanaita siku hizo bamvua. Kule Unguja, tofauti kati ya maji ya kujaa na ya kupwa inaweza kufika karibu mita 4.

Hapo mchanga na matope vinabaki wazi, na wamama wanashuka na mabinti zao. Hawahitaji mtumbwi wala nyavu. Ndoo, kikapu, na kijiti au kipande cha chuma cha kuchimbulia vinatosha. Wanainama, wanatafuta alama ndogo ya kombe aliyejificha, wanachimbua. Mtoto anajifunza kwa kumtazama mama yake. Mgongo unauma, ndiyo, lakini ni saa ya wanawake peke yao: masimulizi, kicheko, habari za nyumba na za masomo ya watoto. Maji yakianza kurudi, wote wanatoka. Nyumbani kombe wanachemshwa, nyama inatolewa, inaungwa kwa tui la nazi. Zinazobaki zinauzwa, na pesa inakaa mkononi mwa mama.

Ndoo ilipokuwa nyepesi

Samaki akiona hatari anakimbia. Kombe anabaki pale pale. Kwa sababu hiyo ni rahisi kumwokota, na ni rahisi vilevile kummaliza. Waokotaji walipokuwa wengi na soko likakua, wale wakubwa walipungua, na watu wakaanza kuchukua hata wadogo. Kombe mdogo anayeokotwa leo hajazaa bado. Tena wanyama hawa wanaachilia mbegu zao majini. Wakibaki wachache na mbali mbali, mbegu ya dume haikutani na yai la jike.

Katika miaka ya 2000, wamama wa Fumba na vijiji vya jirani walikaa pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walipatana kutenga sehemu za pwani ambako hakuna mtu anayeokota. Hawakufunga pwani nzima. Sehemu iliyotengwa inabaki kama ghala la mbegu: wakubwa wanazaa humo, maji yanabeba watoto wao hadi kwenye sehemu zilizo wazi. Wamama walijifunza pia kutengeneza mapambo ya magamba na kukuza lulu ndani ya chaza, ili pesa isitoke katika kuokota tu.

Mbali zaidi, nchini Gambia, wamama wanaookota chaza kwenye mizizi ya mikoko waliungana mwaka 2007 katika shirika linaloitwa TRY. Wanafunga mavuno kwa miezi kadhaa kila mwaka, na wanaweka akiba kwa pamoja ili wakati wa kufunga usiwe wakati wa njaa. Mwaka 2012 serikali yao iliwapa haki ya kusimamia mavuno ya chaza katika eneo la Tanbi, na mwaka huo huo walipata zawadi ya kimataifa inayoitwa Equator Prize.

Na sisi?

Tangu mwaka 2024, nchi zinazogawana ziwa Tanganyika zimeanza kufunga uvuvi toka 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae. Sababu yake ni ile ile ya Fumba, nasi tunaielewa. Lakini mama anayekausha na kuuza ndagala ndiye anayeulizwa na watoto jioni: «Leo tunakula nini?» Tukiangalia Fumba na Gambia, tunaona mambo matatu. Wanaookota walikuwa kati ya wanaoamua. Fumba walifunga sehemu tu, si yote. Na walitafuta mapema kitu cha kushika nyumba wakati wa kungoja. Kufunga bila akiba ni kumwomba mama avunje sheria au alaze watoto njaa.

Ukipata kombe au chaza

Nyama yao ina protini, madini ya chuma na zinki, vitu vinavyofaa sana kwa mama mwenye mimba na mtoto. Lakini wanakula kwa kuchuja maji. Maji yakiwa machafu, uchafu unabaki ndani yao, hata vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa tunaoujua vizuri Uvira na Kalemie. Basi:

- Usiokote karibu na vyoo, mifereji au fasi maji yana rangi au harufu isiyo ya kawaida. Kuna sumu ya majini ambayo moto hauiondoi.
- Aliye wazi na asiyejifunga ukimgusa amekufa. Mtupe.
- Osha vizuri, chemsha hadi magamba yafunguke, kisha endelea kuchemsha dakika 5 tena. Asiyefunguka, usimle.
- Usimpe mtoto wala mama mwenye mimba kombe mbichi.
- Wadogo warudishe majini.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni chakula gani cha porini au cha majini ambacho mama zetu walikipata kwa wingi, na leo tunakipata kwa shida?
2. Kama tungetenga sehemu moja ipumzike, tungetenga ipi, na nani angeilinda?
3. Likelemba yetu inaweza kuweka kiasi gani kila wiki, toka sasa hadi Mei, kwa ajili ya miezi ile mitatu ya ziwa kufungwa?

Swali la tatu tusiliache bila jibu. Tuandike kiasi hicho katika daftari ya kikundi, na tuanze kukiweka wiki hii.