Kiondo Huanzia Kitakoni

Mama hasuki kiondo bila kuhesabu. Akiketi kivulini nyumbani Kanyangi, nyuzi za mkonge pajani, midomo humcheza: moja, mbili, tatu. Akiruka uzi mmoja, pambo lote hupinda, naye hufumua mpaka alipokosea.

Likizo iliyopita niliketi kando yake na laptopu kuukuu. Nilitaka kujua picha hufikaje kwenye skrini, bila kutegemea programu ya kuchora iliyotengenezwa na wengine.

Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, inakubali udadisi huo. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ndani yake skrini huweza kufunguliwa kama faili, /dev/fb0. Ukiandika namba humo, nukta inawaka. Skrini yangu ina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla 1,049,088. Kila nukta huchukua baiti nne: buluu, kijani, nyekundu, na moja ya ziada.

Nikaandika programu fupi kwa lugha ya C ichore mstari wima. Mstari haukuonekana. Zilitokea nukta zilizotawanyika, kila moja ikiwa hatua kumi kushoto mwa ile iliyo juu yake. Nilikuwa nimezidisha 1366 kwa 4 nikapata baiti 5464 kwa kila safu. Mama akachungulia, akasema, "Mwanangu, umeruka nyuzi."

Alisema kweli. Nilipouuliza mfumo wenyewe urefu wa safu, ulijibu 5504. Mwishoni mwa kila safu kulikuwa na baiti 40 zisizoonekana, zilizoongezwa ili urefu ugawanyike kwa 64. Baiti 40 ni nukta kumi. Nikabadilisha namba moja tu, na mstari ukasimama wima.

Mstari wa mshazari nao una hesabu yake: mwaka 1962 Jack Bresenham wa IBM alibuni njia ya kuuchora kwa kujumlisha namba nzima tu, bila sehemu. Hesabu hiyo kijana wa sekondari anaiweza kwa kalamu na karatasi ya miraba.

Vijana wetu wengi hufundishwa kompyuta kuanzia mdomoni mwa kiondo: bonyeza hapa, fungua pale. Tuwape pia kitako. Mashine ya zamani yenye Linux inatosha, na miongozo mingi ya mfumo huo imo ndani yake hata intaneti ikikatika. Kinachobaki ni subira ya kufumua mpaka kwenye uzi uliorukwa.