Paka wa Ghalani Akikutwa na Kisukari: Namna ya Kumhudumia Nyumbani

Tumezoea kuongea mahindi, kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa. Leo naomba tumwongelee mlinzi asiyelipwa mshahara, yaani paka anayelinda ghala lako dhidi ya panya.

Kijana mmoja ninayemhudumia hapa Kongwa ananunua mahindi, anahifadhi, kisha anauza soko la Kibaigwa. Paka wake dume, mnene, wa miaka tisa hivi, alianza kukonda huku anakula vizuri tu. Alipopimwa akakutwa na kisukari. Majirani wakamwambia mtupe, paka wapo wengi. Yeye akaniuliza: "Afisa, huyu anaweza kutunzwa nyumbani kweli, au nitapoteza hela tu?"

Anaweza kutunzwa. Ila ujue mapema kwamba kinachomweka paka huyu hai ni ratiba. Kama unaweza kulisha kuku kwa saa ileile kila siku na kuandika idadi ya mayai, kazi hii unaiweza.

Kisukari cha paka kikoje?

Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoingiza sukari kutoka kwenye damu kwenda mwilini. Kwa paka wengi wenye kisukari, insulini haitoshi na mwili umekuwa sugu kwake. Sukari inajaa kwenye damu, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Ndiyo maana anakunywa sana, anakojoa sana, anakula sana na bado anakonda. Wengine miguu ya nyuma inalegea mpaka wanatembea kwa kisigino badala ya vidole.

Wanaopata zaidi ni paka wanene, madume waliohasiwa na wenye umri mkubwa. Dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, nazo zinaweza kukiamsha. Paka wako akiwahi kuchomwa dawa hizo, mwambie daktari.

Angalia hapa: paka akiogopa, sukari yake hupanda kwa muda hata kama hana ugonjwa. Kipimo kimoja cha damu baada ya kufungiwa kwenye kiroba na kupandishwa bodaboda hakitoshi. Mwombe daktari wa mifugo apime na mkojo, na kama maabara ipo, apime fruktosamini, inayoonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili tatu zilizopita. Ukiwa kanda yetu hii, hospitali ya wanyama ya SUA pale Morogoro ni sehemu ya kuulizia.

Chakula: punguza wanga

Paka ni mla nyama. Panya mzima anayemkamata ghalani karibu hana wanga kabisa. Sisi tunampa ugali uliolowekwa kwenye maziwa, halafu tunashangaa ananenepa.

Mpe nyama, kuku, yai lililopikwa, au dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi. Mchanganyie na moyo wa ng'ombe au wa kuku, kwa sababu una taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa anaharibika macho na moyo. Maini mpe kidogo, yakizidi kila siku yanamletea vitamini A nyingi kupita kiasi. Samaki apikwe, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Ukipata chakula laini cha kopo cha paka chenye wanga kidogo, ni kizuri zaidi kwa kuwa virutubisho vyake vimepangwa tayari.

Akishaanza sindano, usibadilishe chakula ghafla bila kumwambia daktari. Ukipunguza wanga, mahitaji ya insulini nayo yanashuka, na dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno leo.

Sindano: mara mbili kwa siku

Kiasi anapanga daktari. Wengi huanza na uniti 1 asubuhi na 1 jioni, zikipishana saa 12. Chagua saa unazoziweza hata msimu wa mavuno, mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Mpe chakula kwanza. Akila, vuta ngozi ya ubavuni kama hema dogo, choma chini ya ngozi, sukuma, toa. Kesho badilisha upande. Sindano ni nyembamba sana, wengi hawashtuki.

Makosa ya kuepuka:

1. Bomba lisilolingana na dawa. Kuna insulini ya U-40 na ya U-100, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta dawa ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka alama ya 1, umempa uniti 2.5. Hiyo inaweza kumuua.
2. Kurudia dozi. Kama huna uhakika dawa imeingia, labda amejitikisa ikamwagika kwenye manyoya, usichome tena. Subiri zamu inayofuata.
3. Kuchoma paka asiyekula au anayetapika. Piga simu kwa daktari kwanza.
4. Kumpa vidonge au insulini ya bibi. Dawa ya binadamu aliyopangiwa mtu mwingine usimpe paka kwa kukisia.

Insulini ikae kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda, tupa. Kama umeme ni shida, muulize daktari aina inayovumilia kukaa nje ya friji baada ya kufunguliwa na kwa siku ngapi. Chungu chenye mchanga mbichi kivulini kinasaidia kuiweka kwenye ubaridi. Sindano zilizotumika weka kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, kisha uliza zahanati wakupokelee. Zisiende jalalani wanakocheza watoto.

Piga hesabu ya gharama

Paka wa uniti 2 kwa siku anatumia uniti 56 kwa siku 28. Chupa ya ml 10 ya U-100 ina uniti 1,000. Kama maelekezo yanataka uitupe siku 28 baada ya kufungua, zaidi ya uniti 900 zinakwenda na maji. Uliza ujazo wa ml 3 wenye uniti 300. Ongeza mabomba, chakula, na nauli ya daktari mara kadhaa miezi ya mwanzo. Jumlisha kabla hujaamua.

Daftari

Chora safu hizi: tarehe, amekula kiasi gani, saa ya sindano, uniti, maji aliyokunywa, uzito wa kila wiki. Maji unapima kwa kuweka kiasi unachokijua na kupima kilichobaki kesho yake. Akiendelea kunywa maji mengi kupita kawaida, huenda bado sukari iko juu. Maji yakishuka na uzito ukirudi, mnakwenda vizuri.

Ukiwa na kipima sukari, tone la damu linatoka ukingoni mwa sikio. Vipimo vya binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo ya hali halisi ya paka. Wiki za mwanzo, ikisoma chini ya 10 mmol/L kabla ya sindano, ongea na daktari kwanza. Namba zote mpelekee yeye, dozi usiipandishe mwenyewe.

Hatari mbili

Sukari ikishuka mno, paka analegea, anayumba kama mlevi, anaweza kudegedege. Akiweza kumeza, mpe chakula haraka. Akishindwa, mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye fizi, usimmiminie kooni, kisha kimbia kwa daktari. Kila anayebaki nyumbani ajue asali iko wapi.

Hatari ya pili ni kinyume chake: haji kwenye chakula, anatapika, amezubaa. Mwili umeanza kuchoma mafuta na damu inajaa tindikali. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Sasa uamue

Baadhi ya paka wakiwahiwa, wakapunguziwa uzito na wanga, sukari inatulia ndani ya miezi michache na sindano inaachwa, ingawa lazima waendelee kuchunguzwa. Usijiahidi hilo, ila ni sababu ya kuanza mapema.

Yule kijana nilimuuliza jambo moja: ukiwa Kibaigwa mpaka usiku, nani anachoma ya saa 1 jioni? Akamtaja mdogo wake, tukamfundisha na yeye. Kama huna mtu wa namna hiyo, au hesabu imekataa, mwambie daktari ukweli muangalie njia nyingine, hata kumpumzisha bila maumivu. Kumtelekeza porini ni kumuua kwa kiu na njaa polepole, na mlinzi aliyekuokolea magunia hastahili hivyo.

Ukianza leo, anza na daftari.